Mali bila daftari: tuuandike Mji wa Kale kabla haujatutoka

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa Kibokoni. Nyumba ya mawe, ghorofa moja, baraza mbele, mlango wa nakshi wenye mbao mbili na mfaa katikati. Ndani, ukuta wa chumba chake ulikuwa na zidaka alimoweka msahafu, chetezo na dawa zake za presha. Alipofariki tulihesabiwa warithi kumi na mmoja. Nyumba haigawanyiki mafungu kumi na moja. Ikauzwa, kila mtu akapata haki yake kama sheria ya mirathi inavyotaka, na mnunuzi akaivunja.

Mwaka jana binti yangu aliambiwa shuleni alete picha ya nyumba ya kale ya ukoo wake. Tulipekua makabati ya shangazi zangu wote. Tukapata picha moja tu, ya harusi ya mwaka 1984. Bi harusi amesimama mlangoni, na nyuma yake yaonekana nusu ya mlango. Hiyo nusu ndiyo nyumba yote tuliyobaki nayo. Mlango wenyewe hatujui uko wapi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya nimeyaandika yawe ya kuweka na kurejelea: Mji wa Kale ni upi, una nini, sheria inasemaje, unaharibiwa na nini, na mtu wa kawaida anaweza kufanya nini bila kungoja serikali.

Mji wa Kale ni upi hasa

Tukisema Mji wa Kale twakusudia ule upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Mombasa, unaotazama mlango wa bahari na Bandari ya Kale. Ni kama ekari 180 hivi. Ndani yake mna Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze, Mlango wa Papa na vichochoro ambavyo mgeni hupotea na mwenyeji hukatiza macho yamefumba.

Mombasa imetajwa na wasafiri na wanajiografia zamani sana. Al-Idrisi aliiandika katika karne ya 12. Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Vasco da Gama alifika 1498, na miaka saba baadaye, 1505, Wareno wakarudi na kuuchoma mji. Ngome ya Fort Jesus walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698, baada ya miezi 33. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikageuzwa kuwa makumbusho.

Kuna kosa linalorudiwa sana hata na waongoza watalii. Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mji wa Kale wenyewe haumo. Sehemu yake ni ukanda wa kinga wa ngome tu. Mji wa Lamu umo tangu 2001, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, makaya ya Mijikenda tangu 2008, na magofu ya Gedi yaliingia 2024. Sisi tunaishi kandokando ya Urithi wa Dunia, na pengine ndiyo maana tumelala tukidhani kuna mtu anatulindia.

Nyingi ya nyumba zinazosimama leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Lakini zimesimama katika mpango wa mji mkongwe kuliko zenyewe, na misikiti yake ni ya kale zaidi. Msikiti wa Mandhry, kwa mapokezi ya wenyeji, ulijengwa 1570. Nyumba ya Leven imechukua jina la manowari ya Kiingereza iliyofika hapa 1824. Mahakama ya Kale ni ya mwaka 1902. Roshani za mbao zimeletwa na mikono ya Kihindi, mabaraza ni yetu, na nakshi za milango zimechanganya Uswahili, Uarabu na Bara Hindi hata huwezi kuzitenganisha.

Kilicho chini ya ardhi na chini ya maji

Watu wengi wakisikia turathi hufikiria kile kinachoonekana. Mombasa ya zamani zaidi imefukiwa. Mwaka 1976 mtaalamu wa akiolojia Hamo Sassoon alichimba katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani na kukuta mabaki ya mji wa kwanza, na makazi yanayorudi nyuma kiasi cha miaka elfu moja. Yaani mgonjwa anayesukumwa kwa kitanda kwenda kupigwa picha anapita juu ya vyungu vya watu walioishi kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku.

Baharini nako kuna lake. Mwezi Oktoba 1697, ngome ikiwa imezingirwa, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele yake. Wapiga mbizi waliigundua miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 ikachimbuliwa chini ya maji na wataalamu wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na taasisi ya akiolojia ya baharini ya Marekani. Vitu vingi vilitolewa, na baadhi unaweza kuviona Fort Jesus. Lakini mwili wa meli haukutolewa. Ulipimwa, ukachorwa, ukafukiwa tena kwa mchanga, kwa sababu mbao zilizokaa baharini karne tatu huharibika zikitolewa bila matunzo ya gharama kubwa mno.

Hapo pana funzo. Si kila kitu cha kale lazima kitolewe au kikarabatiwe ndipo kihifadhike. Wakati mwingine kukipima, kukichora na kukiacha mahali pake ndiyo hifadhi bora.

Sheria inasemaje

Mwaka 1990 ulitolewa mpango wa uhifadhi wa Mji wa Kale, kwa Makavazi ya Kitaifa na msaada wa UNDP na UNESCO, na mwanzoni mwa miaka hiyo eneo likatangazwa rasmi kuwa la hifadhi. Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale ikaanzishwa. Leo sheria kuu ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Kwa lugha ya barazani, yanayomhusu mwananchi ni haya:

- Ukitaka kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya nyumba iliyo ndani ya eneo la hifadhi, unahitaji idhini. Kibali cha kaunti peke yake hakitoshi. Ofisi ya uhifadhi nayo ina neno.
- Ukigundua kitu cha kale, iwe unachimba msingi, kisima au karo, unatakiwa kuwaarifu Makavazi ndani ya siku saba.
- Huna ruhusa kuchimba ukitafuta vitu vya kale bila leseni, wala kuvitoa nje ya nchi bila kibali.

Sheria nyingine iliyosahaulika ni ya wakfu. Nyumba, visima na maduka mengi ya Mji wa Kale ni wakfu wa misikiti na wa koo. Kanuni ya wakfu twaijua tangu chuoni: hauuzwi, haupewi mtu zawadi, haurithiwi. Wazee wetu walikuwa na hifadhi kabla neno uhifadhi halijaingia kwenye semina. Lakini wakfu usio na hati mkononi, wala shahidi aliye hai, ni rahisi kuliwa kama embe la kuokota.

Kinachouangusha mji

Adui wa kwanza ni maji, na rafiki yake ni saruji. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi akiupaka saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi hutumbuka, plasta hubanduka kwa vipande, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza bila mtu kuona. Mwenye nyumba hudhani amekarabati. Miaka michache baadaye dari linashuka.

Wa pili ni umaskini wa wenye nyumba. Tusiwalaumu watu bure. Boriti ni shida kupata kwa sababu ya vizuizi vya kukata mikoko, mafundi wa chokaa wamezeeka, na kodi ya chumba kimoja haiwezi kutengeneza roshani. Mjane anayeambiwa asibadilishe dirisha lake, na asipewe hata mfuko mmoja wa chokaa, ataona hifadhi ni adhabu.

Wa tatu ni mirathi isiyopangwa, kama yetu. Wa nne ni soko: mlango wa nakshi ukishang'olewa huwa ni mbao za biashara, na kwa kuwa haukuwahi kuandikwa popote, hakuna awezaye kuthibitisha ulikuwa wa nyumba gani.

Tusidhani pia kwamba jina kubwa ni kinga. Ngome yenyewe ilikuwa ikiliwa na mawimbi hadi ikabidi kujengewa ukuta upande wa bahari. Na tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la mwaka 1883 lililo ndani ya Urithi wa Dunia, liliporomoka upande mmoja likiwa linakarabatiwa, na watu wawili wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta mwingine huanguka na watu.

Kazi ya kuandika inafanywaje

Huko duniani kazi ya kuorodhesha imekuwa taaluma kamili. Tangu 2020 mradi uitwao MAEASaM, unaoratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, unatumia picha za satelaiti na kumbukumbu za zamani kuweka kwenye ramani maeneo ya kale yaliyo hatarini katika nchi nane za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi wa Zamani, ambao umepima kwa miale ya leza majengo ya kale ya Afrika, yakiwemo magofu ya Kilwa. Kipimo cha namna hiyo huonyesha kila ufa. Jengo likianguka, lajulikana lilikuwaje.

Lakini satelaiti haioni zidaka. Haijui kwamba kisima fulani kilichimbwa na mama aliyefiwa na mwanawe, wala kwa nini kichochoro fulani chaitwa hivyo. Hayo yako vichwani mwa wazee, na wazee hawangoji ufadhili.

Wewe na mimi tufanye nini

Simu uliyo nayo yatosha kuanza. Ijumaa moja baada ya swala, fanya haya:

1. Piga picha nyumba nzima ukiwa umesimama wima mbele yake, kisha pembe zote mbili. Halafu mlango, mfaa, kizingiti cha juu, madirisha, roshani, zidaka, dari. Weka rula au hata sarafu kando ya nakshi ili ukubwa ujulikane.
2. Andika tarehe, mtaa, jina la nyumba au la ukoo, na nani alikwambia. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka ishirini, ni karatasi.
3. Mrekodi mzee. Muulize nani alijenga, nani fundi, chumba kipi kilikuwa cha nini, nani alikuwa jirani. Muombe ruhusa kwanza, na akisema jambo hili lisitoke, lisitoke.
4. Tafuta hati: wakfu, mauzo, mikataba ya upangaji, hata barua za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Usizipige laminesheni. Zipige picha, kisha ziweke pakavu.
5. Hifadhi nakala mahali patatu: nyumbani, kwa ndugu aliye mbali, na katika ofisi ya uhifadhi au Fort Jesus.
6. Ukichimba na kukuta vigae vya kaure, shanga, sarafu au mifupa, simamisha jembe. Piga picha kikiwa palepale, pima kina, usikioshe, kisha toa taarifa ndani ya siku saba.
7. Usitangaze mitandaoni mahali hasa palipo na makaburi ya kale au magofu yasiyo na mlinzi. Wezi nao wana simu.

Kwa wenye nyumba za urithi, nasihi yangu ni kukaa kikao mapema, wazee wakiwa hai. Warithi wenye uwezo wanaweza kununua mafungu ya wenzao, au ukoo ukaweka wakfu. Na ikiwa hapana budi kuuza, basi iandikeni nyumba kabla ya kukabidhi ufunguo. Haigharimu kitu. Sisi hatukufanya, na hakuna aliyetukataza.

Kaunti na Makavazi nazo zina deni. Watu wapewe chokaa na boriti kwa bei nafuu, vijana wafundishwe kazi kwa mafundi waliobaki, na orodha ya nyumba za Mji wa Kale iwekwe wazi kwa kila mwenyeji aione na kuisahihisha. Mtu hulinda kile ambacho jina lake limeandikwa kando yake.

Binti yangu alipeleka ile picha ya harusi. Mwalimu akamuuliza nusu ya pili ya mlango ilikuwaje. Aliporudi aliniuliza mimi, nikafumba macho nikajaribu kukumbuka kama nakshi ilikuwa ya maua au ya minyororo. Sikuweza. Niliupita mlango ule kila siku kwa miaka kumi na minane.