Sare za Kijeshi za Kale, Bukavu

Sare za kale za Bukavu ni makoti, kofia, vifungo na tepe za majeshi yaliyopita au kupiga kambi katika mji huu wa ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Majeshi ya serikali pekee ni matano: Force Publique ya enzi za ukoloni, kisha ANC, FAZ, FAC na FARDC za baada ya uhuru. Waasi na mamluki ni hesabu nyingine.

Force Publique

Jeshi hili katili la Mfalme Leopold II liliundwa katika miaka ya 1880, kisha Ubelgiji ikalirithi mwaka 1908. Askari wake wa mwanzo walivaa sare ya bluu, mshipi mwekundu wa kitambaa kiunoni na tarbushi nyekundu, na wengi walikwenda peku. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kaki ilichukua nafasi ya bluu. Ndivyo vita vilivyowavusha askari wa kamanda Olsen mto Ruzizi mwaka 1916, hadi Tabora ikatekwa Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo koti la bluu kwa kawaida ni la kabla ya vita hivyo au la mwanzo wake.

Kitambulisho kikubwa ni cheo. Hadi uhuru ulipokaribia, hakuna Mkongo aliyeruhusiwa kupanda juu ya sajini-meja, hata awe hodari vipi. Waliopigana Saio, Ethiopia, mwaka 1941 walirudi na tepe zilezile. Maasi ya askari ya Julai 1960 yalivunja ukuta huo. Waziri Mkuu Lumumba aliwapandisha askari wote cheo kimoja, Victor Lundula akawa jenerali na Mobutu kanali. Koti la ofisa linalodaiwa kuvaliwa na Mkongo kabla ya mwezi huo lina walakini.

Kuchunguza tepe

Tepe huhamishwa kirahisi, na wauzaji wanajua hivyo. Mkusanyaji makini huinua ukingo wake kwa kucha. Kitambaa kilichofunikwa miaka mingi hubaki na rangi yake ya mwanzo. Kaki ikiwa imepauka sawasawa hadi chini ya tepe, basi tepe ilishonwa juzijuzi. Uzi nao husema: chini ya taa ya urujuanimno, nyuzi nyingi za kisasa hung'aa rangi ya samawati, pamba ya zamani ikabaki na giza lake. Matundu ya sindano ya zamani yasiyolingana na mshono wa sasa ni ushahidi mzito kuliko hadithi yoyote ya muuzaji.

Mamluki wa 1967

Kiongozi wa mamluki Jean Schramme aliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba 1967, akiwa na mamluki wa Kizungu na askari wa Katanga, kabla ya kukimbilia Rwanda. Mavazi ya mamluki wa Kongo yalikuwa mchanganyiko, hivyo bila picha au hati hayatambuliki kwa uhakika.

Zaire na baadaye

FAZ, jeshi la Zaire, hujulikana kwa alama ya chui. Kadogo, yaani askari watoto wa waasi wa AFDL, 1996–1997, wanakumbukwa kwa mabuti ya mpira.

Hali ya sasa

Sare nyingi za Force Publique zinazoonekana hadharani ziko Ubelgiji, katika Makumbusho ya Jeshi ya Brussels na AfricaMuseum ya Tervuren. Nchini Kongo, raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa la jinai, na tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 kombati sandukuni ni hatari. Picha za studio na vitabu vya pensheni vya wastaafu ndivyo vinavyohifadhika kwa urahisi zaidi, na mara nyingi hutaja kikosi ambacho koti lenyewe halikitaji.