Kipaza na kikuza

Tabora ni mji wa magitaa. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz iliyopiga mtindo wa Segere Matata: zote zilitoka huko. Nalitaja hilo kwa sababu magitaa ya umeme hupitia kwenye amplifaya, nayo tunaiita kwa neno “kipaza sauti”, ambalo tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Maikrofoni ni kipaza sauti, spika ni kipaza sauti, amplifaya nayo kipaza sauti.

Mpelekee fundi amplifaya ya valvu ambayo chaneli ya gitaa la solo inaizidi nguvu ile ya gitaa la ridhim, uone neno hilo linavyokwama. Spika ni nzima. Tatizo liko ndani. Chaneli moja inakuza mawimbi ya umeme kuliko nyenzake. Fundi ataondoa kapasita ya kwenye katodi ya valvu ya mwanzo, na ukuzaji utashuka karibu nusu, au ataongeza rizista mahali chaneli zinapokutana. (Kwanza aumwage umeme uliobaki, kapasita kubwa hutunza mamia ya volti hata waya ukishachomolewa.)

Kupaza ni kufanya kitu kipae. Kukuza ni kufanya kikue. Hapo kilichozidi ni kukua, kabla sauti yenyewe haijasikika. Basi amplifaya tuiite kikuza sauti, jina ambalo tayari limo midomoni mwa watu, na kipaza tuiachie maikrofoni. Spika ina jina lake.