King Majuto: Kutoka vichekesho vya jukwaani hadi filamu zilizovuka delta ya Rufiji

KABLA ya televisheni kuingia Tanzania Bara mwaka 1994, mchekeshaji aliyetaka kujulikana nje ya mji wake alikuwa na njia mbili tu: apande basi pamoja na kikundi chake, au sauti yake isikike redioni. Amri Athumani, ambaye wengi walimfahamu kwa jina la King Majuto, alianza kazi yake katika zama hizo. Alipofariki dunia Agosti 8, 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, sura yake ilikuwa imezoeleka hata katika vijiji ambavyo kikundi chochote cha sanaa kingehitaji mashua ili kuvifikia.

Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza mwaka 1958, angali mtoto wa shule. Kwa hiyo alipoingia katika filamu za kidijitali zilizovuma miaka ya 2000, hakuwa chipukizi. Alikuwa amekwisha kuishi na jukwaa kwa miongo kadhaa, na jukwaa hilo ndilo lililomfunza karibu kila kitu ambacho watazamaji walikuja kukiona katika kanda zake.

Sanaa iliyomlea huitwa vichekesho, na yafaa kuieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa vijana wengi wa leo hawakuiona ikichezwa ukumbini. Kichekesho ni igizo fupi lisiloandikwa. Wachezaji hukubaliana wazo kabla ya onyesho, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja hutunga maneno yake papo hapo akisoma uso wa hadhira. Mada zake ni za mtaani: mume mchoyo, mke mjanja, mshamba aliyeingia mjini kwa mara ya kwanza, mganga tapeli, mpangaji asiyelipa kodi. Mavazi nayo huchekesha kabla ya maneno, kama suruali pana iliyofungwa kwa kamba au tumbo lililojazwa mto.

Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano Cultural Troupe na DDC Kibisa viliweka vichekesho katikati ya ratiba ya usiku mmoja iliyokuwa pia na ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu. Mchekeshaji aliyeshindwa kuichekesha hadhira katika dakika chache za mwanzo alijua mara moja, maana watu waligeukia vinywaji vyao. Aliyefaulu alitunzwa fedha pale pale. Shule hiyo haikuwa na cheti, lakini ilitoa watu waliojua kupima muda wa kicheko kuliko mhariri yeyote wa picha.

Redio nayo ilikuwa na mchango wake. Wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliwafahamu Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao hila zao ziliwarudia wenyewe, na jozi hiyo imebaki katika mazungumzo ya watu hadi leo. Hata hivyo, redio haikuweza kuonyesha uso, na uso ndio uliokuwa mtaji mkubwa wa Majuto: macho yaliyotoka kwa mshangao, midomo iliyobenuka kabla ya neno kutamkwa, hasira ya mzee anayejua amekosea lakini hayuko tayari kukiri.

Mkanda wa video ndio uliofungua mlango. Majuto hutajwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi kazi zao katika kanda za video na kuziuza. Leo jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini lilibadili hesabu nzima. Kichekesho ambacho zamani kilikufa usiku ule ule kilipochezwa sasa kiliweza kusafiri bila mchekeshaji mwenyewe.

Mfano mzuri wa safari hiyo ni barabara ya kusini. Kibiti, mji ulioko takriban kilomita 130 kutoka Dar es Salaam, ndipo msafiri aendaye Lindi na Mtwara hupita kabla ya kufika Ikwiriri na kuvuka Mto Rufiji. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto huo ulivukwa kwa kivuko, na masika ilipokaza magari yalikwama siku nyingi. Mashariki ya barabara hiyo kuna delta yenyewe, msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, ambamo vijiji vya kata kama Salale, Maparoni na Kiongoroni hufikiwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Kikundi chenye ngoma, vipaza sauti na wasanii 30 hakikuwa na sababu ya kibiashara ya kwenda huko. Kanda moja ya video ilihitaji abiria mmoja tu aliyeiweka mfukoni.

Aliyeipokea kanda hiyo alikuwa mwenye kibanda cha video. Vifaa vyake vilikuwa televisheni, deki, jenereta pale pasipokuwa na umeme, na mabenchi. Katika vibanda vya aina hiyo nchini, filamu za Marekani, India na China zilihitaji mtu wa kuzitafsiri na kuzichangamsha, kazi iliyompa sifa kubwa Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Majuto hakuhitaji mkalimani. Kiswahili chake cha Tanga kilieleweka moja kwa moja na Mndengereko wa Kibiti, na ubishi wake ulifanana na utani ambao makabila ya Pwani yamekuwa yakitaniana misibani na harusini tangu zamani. Pengine hiyo ndiyo sababu watu wa Pwani walimcheka kama wanavyomcheka mjomba wao, si kama msanii wa mbali.

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya "Girlfriend" iliyoongozwa na George Tyson, na mafanikio yake yakawaonyesha wafanyabiashara wa Kariakoo kuwa filamu za Kiswahili zina soko. Kilichofuata ni mafuriko. Filamu zilipigwa kwa siku chache, zikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipie mara mbili, na msanii akalipwa kwa mkupuo. Vichekesho viliingia vizuri katika utaratibu huo kwa kuwa gharama zake ni ndogo: nyumba moja, wahusika wanne au watano, na mtu asiyehitaji muswada kutunga maneno. Majuto alicheza mfululizo, zikiwamo "Zebra" na "Pusi na Paku". Ubora haukulingana. Zipo ambazo zimeshikiliwa na yeye peke yake, hadithi ikiwa imekwisha kupotea.

Alipata pia bahati ya kukutana na kizazi kipya. Hussein Mkiety, yaani Sharo Milionea, kijana wa Muheza aliyejitengenezea mhusika wa mtanashati wa mjini mwenye madaha, aliunda naye jozi iliyopendwa sana: mzee wa kanzu na msuli dhidi ya kijana wa suruali ya kubana. Jozi hiyo ilikatwa Novemba 26, 2012, Sharo alipofariki katika ajali ya gari huko Muheza akielekea nyumbani. Miezi saba kabla ya hapo, Aprili 7, tasnia ilikuwa imempoteza Steven Kanumba.

Je, fedha zilikwenda wapi? Swali hilo liliibuka kwa uchungu mwaka 2018, Majuto alipougua na kupelekwa India kwa matibabu. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dk Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya wanasheria kupitia mikataba ya wasanii, ikiwamo ya Majuto, baada ya malalamiko kwamba kazi na sura zao zilitumika kibiashara kwa malipo yasiyolingana na thamani yake.

Kisheria, Tanzania haikuwa na pengo kubwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na pia mwigizaji, na kuanzia mwaka 2013 kanda na santuri za muziki na filamu zilitakiwa kubandikwa stempu za kodi. Tatizo lilikuwa katika tabia ya fani yenyewe. Msanii aliyetunga maneno yake mbele ya kamera hakuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa yeye ndiye mtunzi. Akiuza kwa mkupuo, huuza uigizaji pamoja na utunzi, na mara nyingi hajui kuwa ameuza vyote viwili.

Hapo ndipo njia ya mchekeshaji wa Tanzania inapoachana na ya wenzake kwingineko. Jordan Peele wa Marekani alitoka katika vipande vya "Key & Peele", vilivyorushwa kati ya mwaka 2012 na 2015, akaandika na kuongoza "Get Out" ya mwaka 2017. Filamu hiyo iligharimu dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250, na kumpa Oscar ya muswada. Nchini Kenya, Charles Bukeko alitoka jukwaani akaanzisha na kuigiza "Papa Shirandula" katika televisheni ya Citizen, kazi aliyoifanya hadi kifo chake Julai 2020. Wote wawili walishika kalamu, si nafasi ya kuigiza tu.

Waliomfuata Majuto nchini walijaribu njia tofauti. Kundi lililoanzia Ze Comedy na baadaye kuitwa Orijino Komedi liliingia katika televisheni kama kikundi chenye jina lake. Miongoni mwao, Lucas Mhavile, yaani Joti, aliendelea na uchekeshaji na matangazo, huku Emmanuel Mgaya, yaani Masanja Mkandamizaji, akigeukia muziki wa Injili na kilimo cha mpunga. Rashid Mwinshehe, maarufu kama Kingwendu, aligombea ubunge wa Kisarawe kwa tiketi ya CUF mwaka 2015, mkoa huo huo wa Pwani ilipo Kibiti, na akashindwa. Wapo waliocheka wakidhani ni igizo jingine.

Soko la santuri lenyewe lilidhoofika. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga kazi za nje zilizouzwa kiholela, lakini simu ya mkononi ilikuwa imekwisha kuanza kufanya ilichofanya mkanda wa video miaka 20 kabla. Majuto aliagwa katika Viwanja vya Karimjee na kuzikwa kwao Tanga. Vipande vya dakika tatu vya filamu zake vinaendelea kupita kutoka simu moja hadi nyingine, vingi vikiwa havina jina la filamu wala la aliyeitengeneza.