Kusomea Sheria London: Masharti ya Jana na ya Leo

Jamaa wa nyumbani hutuuliza sana sisi wa Peckham: kijana wetu anataka kuja kusomea sheria, je, anatakiwa awe na nini? Jibu limebadilika mara kadhaa, na yafaa wakubwa kwa wadogo tuijue historia yake.

Kabla ya 1961 Afrika Mashariki haikuwa na chuo kikuu kinachofundisha sheria. Aliyetaka uwakili alivuka bahari, akajiandikisha katika kimojawapo cha vyama vinne vya mawakili: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Hakuhitaji shahada. Ilimpasa awe na vyeti vizuri vya sekondari, alipe ada, ashinde mitihani, tena ahudhurie karamu za jioni za chama chake kila muhula, kwa idadi iliyowekwa. Kwa njia hiyo Charles Njonjo wa Kenya alipata uwakili Gray's Inn mwaka 1954.

Sharti jingine halikuandikwa: kupata chumba. Wenye nyumba wengi walimkataa mtu mweusi, na sheria ya kuwazuia haikuja mpaka 1968. Hapa kwetu, namba 164 Queen's Road, aliishi Dkt. Harold Moody, mzaliwa wa Jamaica. Mwaka 1931 alianzisha League of Coloured Peoples, akapigania haki za weusi, wanafunzi wakiwamo, mpaka alipofariki 1947.

Mwaka 1961 kamati ya Jaji Denning ilionyesha kasoro ya njia ile. Mwafrika alirudi kwao anajua sheria za Kiingereza, lakini hakufundishwa sheria za ardhi na mila za kwao. Kamati ilitaka mafunzo yafanyike Afrika. Mwaka huohuo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam.

Basi leo kijana aweza kupata shahada ya kwanza nyumbani, akaja huku kwa shahada ya uzamili, LLM, ya mwaka mmoja. Chuo hutazama shahada yake na alama zake, barua za walimu, maelezo ya nia yake, na Kiingereza chake. Serikali nayo hutaka aonyeshe ada na fedha za kujikimu hadi miezi 9, zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto.

Jambo moja wazee walishike kabla ya kuuza shamba: LLM peke yake haimfanyi mtu wakili, si Uingereza wala kwetu. Nyumbani bado kuna mafunzo ya uwakili: Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Zamani safari ya London ilikuwa ndiyo mlango wa uwakili. Leo ni nyongeza ya elimu. Ukoo na upime gharama kwa kipimo hicho. Chumba, inshallah, hakitakosekana Peckham.