Daraja la Nyota: Historia ya Kipimo na Funzo Lake kwa Wafasiri

Mfasiri akutanapo na jedwali la mng'ao wa nyota, mara nyingi huandika neno "ukubwa" juu ya safu ya tarakimu. Neno hilo lapotosha, na ili kuliona kosa lake hatuna budi kurejea asili ya kipimo chenyewe.

Mnamo mwaka 150 hivi Baada ya Kristo, Ptolemy wa Iskanderia aliorodhesha nyota zaidi ya elfu moja na kuzigawa katika makundi sita. Zing'aazo sana aliziweka katika kundi la kwanza. Zionekanazo kwa shida, katika la sita. Kwa hiyo, tarakimu ikiongezeka, mng'ao hupungua. Huo si ukubwa, ni daraja, kama vile behewa la daraja la kwanza lilivyo bora kuliko la tatu. Mwaka 1856 Norman Pogson wa Uingereza aliupa mpango huo msingi wa hesabu: nyota ya daraja la kwanza hung'aa mara 100 kuliko ya daraja la sita, yaani kila daraja ni kama mara 2.512.

Watazamaji wengi wangali wanaandika madaraja hayo. Lakini satelaiti za Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, na TESS, iliyorushwa mwaka 2018, ziliandika idadi ya elektroni kwa sekunde. Hapa tarakimu ikiongezeka, mng'ao nao huongezeka. Hata siku hazihesabiwi sawa: kutoka katika hesabu ndefu ya siku za Julian, faili za Kepler hupunguza 2454833, na za TESS 2457000. Tofauti ni siku 2167, karibu miaka sita.

Programu ya kompyuta itapatanishaje vyanzo hivi? Kwa maneno. Utaratibu wa faili uitwao FITS, ulioelezwa mwaka 1981 na kuidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki mwaka 1982, hutanguliza maelezo yasomekayo na binadamu: safu hii ni nini, na kizio chake ni kipi. Programu husoma maelezo hayo kwanza, ndipo igeuze tarakimu.

Basi tukiziita safu zote mbili "mwangaza", mwanafunzi atauchora mchoro juu chini. Sayari ipitapo mbele ya nyota hupunguza mwanga kidogo; katika mchoro uliopinduliwa, upungufu huo utaonekana kuwa ongezeko, na sayari haitatambuliwa.

Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi mbili zisizochanganywa: "daraja la mng'ao" kwa kipimo cha Ptolemy na Pogson, na "wingi wa mwanga" kwa hesabu ya satelaiti. Neno "ukubwa" libaki kwa upana wa nyota yenyewe. Msomaji makini huenda akalishuku jina baya akauliza. Kompyuta haishuku, hutii tu jina iliyopewa.