Kicheko cha Kashasha na Kuenea kwa Habari

Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kashasha leo imo katika Wilaya ya Muleba. Wakati ule ilihesabiwa katika Bukoba. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Katika walimu hakupatwa hata mmoja.

Kufunga shule hakukulizima jambo hilo. Huenda kulilifungulia njia. Wasichana walirudi makwao, na huko Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa katika Aprili na Mei. Mwezi wa Juni wasichana 48 wa shule ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, walipatwa vilevile. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka wa 1963, hawakupata sumu wala kijidudu. Jambo lilipita baina ya watu wanaojuana: bwenini, darasani, nyumbani.

Wenyeji waliliita enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, au akajanja, yaani wazimu. Ugenini jina la kwanza ndilo lililoshika, likafanywa mzaha, ingawa wagonjwa walilia pia na kuhangaika.

Wanafizikia nao wana swali lao juu ya kuenea. Spini ni sifa ya chembe kama elektroni, inayoifanya iwe mithili ya sumaku ndogo mno. Spini zikipangwa safu, kila moja huigusa jirani yake kwa nguvu zake. Mwaka wa 1972 Lieb na Robinson walithibitisha kwamba katika safu za namna hiyo mwendo wa habari una kikomo: ya mbali hufikiwa baada ya zilizo kati.

Hapo ndipo mfano wa Kashasha unapokoma. Aliyempa mwenzake kicheko alibaki nacho, kilinakiliwa. Habari ya kwanta hainakiliki, kama walivyoonyesha Wootters na Zurek mwaka wa 1982. Hutapakaa katika uhusiano wa spini nyingi, hata anayechunguza moja peke yake asione kitu, ingawa katika jumla haikupotea.

Basi kitenzi kuambukiza chafaa Kashasha, wala hakifai spini. Hizo zataka kutapakaa. Asiyetenga maneno hayo hurudia kosa la 1962, neno moja likaficha nusu ya habari.