Mishale Kwenye Majalada

Santuri ya kwanza niliyoishika kwa mikono yangu ilikuwa ndogo, ya mizunguko 45, na wimbo wake ulikatika katikati. Kaka yangu mkubwa aliileta Kolwezi kutoka Nairobi, akiwa amepanda lori baada ya lori kupitia Tanzania na Zambia, kaifunga ndani ya shati lake la Jumapili. Mwimbaji alikuwa amemaliza beti, gitaa moja limeanza kuuliza na jingine kujibu, mara sindano ikafika mwisho wa mfereji. Kimya.

“Yaya, wimbo umekufa,” nikamwambia kaka.

“Haujakufa. Geuza.”

Nikageuza. Upande wa pili ndipo palipokuwa na sebene, magitaa yakifukuzana bila mtu kuimba ubeti hata mmoja. Ukumbini hapakuwa na wa kugeuza chochote: wimbo mmoja ulikwenda mpaka wachezaji waloe jasho, na kiongozi ndiye aliyeamua umetosha. Nadhani aliyesikia muziki ule kwenye santuri tu amesikia nusu yake.

Bendi yenyewe ilikuwa Orchestra Super Mazembe. Jina walilitoa kwenye mitambo mikubwa ya kuchimba na kusukuma udongo, na majalada yao yalionyesha mitambo hiyo. Kwetu sisi watoto wa kambi, ambao baba zetu waliondoka alfajiri kwenda kwenye kampuni ya migodi ya Gécamines, jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Miaka ya baadaye nami nilikuwa fundi umeme kwenye shimo la Mashamba, jina linalokufanya ufikirie mahindi hadi ufike ukingoni na kuona ngazi za mwamba zinavyoshuka. Nilipokuwa natengeneza nyaya za mitambo ile nilikuwa na wimbo wao kichwani.

Kaka alikuwa na desturi moja. Kwenye jalada la karatasi la kila santuri aliandika kwa kalamu majina ya wapigaji aliowajua. Mtu akihama bendi hakulifuta jina lake. Alichora mshale na kuandika alikokwenda. Mimi nimejifunza historia ya muziki wetu kwa kuifuata mishale hiyo.

Mshale mrefu kuliko yote ni wa bendi nzima. Mazembe ilianza mwaka 1967 chini ya Mutonkole Longwa Didos, ikiitwa Super Vox. Ikavuka kwenda Zambia, na mwaka 1974 ikafika Nairobi na kubadili jina. Huko ndiko ilikotoa “Kasongo”, na ikaurekodi upya “Shauri Yako”, wimbo wa Nguashi N'timbo. Mwaka 1983 kampuni ya Virgin ikauza albamu yao Uingereza. Wakati huo baadhi ya majina kwenye jalada la kaka yalikuwa yameshaota mishale: Lovy Longomba kaondoka kwenda kuanzisha Super Lovy, na Kasongo wa Kanema, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye wimbo ule, akaja kuimba na Virunga, bendi ya Samba Mapangala.

Kwa nini wanamuziki hawa waliondoka Katanga, jimbo letu la migodi? Mwaka 1960 Tshombe alitangaza jimbo kujitenga na Kongo, na mambo yakaishia hapa hapa Kolwezi Januari 1963. Kampuni ya migodi ya Union Minière ikataifishwa mwaka 1967. Mwisho wa 1973 Rais Mobutu akachukua biashara za wageni na kuwagawia watu wake, maduka yakabaki na rafu tupu, kisha bei ya shaba ikaanguka. Kijana mwenye gitaa alikuwa na njia mbili. Kinshasa ilikuwa mbali, na lugha yake ni Kilingala. Mashariki kulikuwa na barabara, studio na viwanda vya santuri vya Nairobi, na watu wanaosema Kiswahili. Vijana hawa walizaliwa nacho, hata kama chetu cha migodini huwachekesha watu wa pwani. Ndiyo maana inaniuma nikisikia muziki wao ukiitwa “muziki wa Kinshasa”. Baba Gaston, yaani Ilunga wa Ilunga, alikuwa mtu wa Likasi. Alifika Dar es Salaam na bendi yake, Baba National, mwaka 1971, kisha akahamia Nairobi mwaka 1975. Bendi ya Maquis du Zaire ilitoka Kamina. Mwimbaji King Kikii, aliyefariki mwaka 2024 na kuzikwa kwa heshima Tanzania, alikuwa mtoto wa Lubumbashi.

Kinshasa tunaidai kitu kimoja kikubwa, na lazima nikiri: kavasha, ule mdundo wa ngoma ndogo unaokimbia bila kupumzika. Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa ndiye aliyeupiga kwanza, na husemwa aliusikia kwenye mwendo wa treni. Wapigaji wa Mazembe waliuchukua na kuukaza mpaka Nairobi nzima ikaufuata.

Sasa mshale wa mwaka 1976. Jalada la Baba National limejaa mishale inayoelekea upande mmoja, kama ndege waliotishwa mtini. Wapigaji wake, wakiwemo Bwamy Walumona na Kabila Kabanze Evany, walimwacha Baba Gaston wakaunda Les Mangelepa. Watu husema wanamuziki ni wagomvi. Mimi nilifanya kazi mgodini, naona kitu kingine. Katika bendi nyingi magitaa, vikuza sauti na ngoma vilikuwa mali ya mwenye vyombo. Mpigaji alikuja na mikono yake tu, kama sisi tulivyokuja kwenye mitambo isiyo yetu. Anayemiliki mikono yake peke yake, njia yake ya kudai haki ni kuipeleka kwingine. Maquis walilielewa hilo wakaunda kampuni yao wenyewe, OMACO.

Ng'ambo ya mpaka, vijana wa migodi ya Zambia walichukua njia ya roki. Kundi la WITCH la miaka ya 1970 lilitia magitaa ukwaruzo kama wa Hendrix, na mwimbaji wao, Chanda, aliyekulia Kitwe, aliitwa Jagari kwa sababu ya Mick Jagger. Muziki ulipokufa akaenda kuchimba vito. Habari hiyo ilininyamazisha nilipoisikia. Udongo ni ule ule, na mtu anarudi kwake.

Mashamba iliachwa, maji yakajaa shimoni mpaka ngazi za mwamba hazikuonekana. Kaka hakuuona mwaka 2017, Mangelepa walipokwenda Ulaya kupiga, miaka 41 baada ya kuondoka kwa Baba Gaston. Jalada lao ninalo, karatasi imelainika kama kitambaa. Nilitafuta kalamu ya wino wa bluu kama wake, nikachora mshale kutoka jina la Evany hadi ukingo wa karatasi, mahali pekee palipokuwa hapajaandikwa, nikaandika mwaka.

Kisha nikaweka upande wa pili.